Sura ya 8: Betri Inapohamia Nyuma

Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, ilijengwa juu ya shaba, asidi na umeme. Mwaka 1929 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzisha pale Shituru kiwanda cha kutenga shaba kwa njia ya umeme. Madini yanasagwa, yanalowekwa katika asidi ya salfuriki mpaka shaba iingie majini, kisha mkondo wa umeme unapitishwa humo na shaba safi inaganda kwenye mabamba. Mwaka uliofuata kituo cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kikaanza kuzalisha umeme. Baadaye kampuni ikawa Gécamines, na mji, ulioitwa Jadotville enzi za ukoloni, ukawa Likasi, lakini mtoto wa mji huu bado anakua akijua mambo matatu bila kufundishwa shuleni: asidi inachoma, umeme hauna huruma, na shaba ina bei.

Sura hii inahusu kazi ya gereji inayoyakusanya yote matatu: kutoa betri ya gari chini ya boneti na kuipeleka kwenye buti. Ukiitazama kwa juu, ni kazi ya nusu siku. Fundi anafungua nati, anabeba betri, anavuta kebo ndefu mpaka nyuma, anafunga, anapiga ufunguo, gari linawaka. Mwenye gari anafurahi na kulipa.

Lakini gari kuwaka si ushahidi kwamba kazi imefanywa vizuri. Betri iliyo mbele ina kebo isiyofika hata mita moja, na kiwanda kiliipitisha mahali ambapo haigusi kitu. Betri ikienda nyuma inazaliwa kebo ya mita tano, inayopita chini ya miguu ya abiria, kando ya bomba la petroli, kwenye matundu ya bati yenye kingo kali kama wembe. Inabeba umeme saa zote, hata gari likiwa limezimwa na wewe umelala. Kwa hiyo anayehamisha betri aelewe kwamba kazi yake kubwa ni kebo. Betri yenyewe ni sehemu rahisi.

Nani anaihitaji kazi hii?

Tuanze na swali ambalo mafundi wengi hawaulizi kwa kuogopa kupoteza mteja: kwa nini uihamishe?

Wako wanaotaka kupunguza uzito wa mbele. Hesabu yake ni hii. Chukua gari dogo la kilo 1,100 linalovutwa na magurudumu ya mbele, ambalo asilimia 62 ya uzito wake inalalia mbele. Betri ya kilo 17 ikitoka mbele kabisa na kwenda nyuma kabisa, mzigo wa mbele unapungua kwa kilo kama 20, na asilimia 62 inakuwa 60. Kwa mtu wa mashindano hizo mbili zina maana. Kwa mtu anayetoka mjini Likasi kwenda Kambove na kurudi, akikwepa mashimo, hatazihisi kamwe.

Wako waliobadilisha injini wakaweka kubwa zaidi, na nafasi ya betri ikaliwa. Hapo hakuna ubishi. Wako pia wanaohamisha usukani. Magari mengi yanayofika Katanga yalitumika kwanza Japani, yakapita bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa, usukani ukiwa kulia, wakati Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara na kutaka usukani wa kushoto. Usukani ukihamishwa, sevo ya breki nayo huhamia kushoto, na huko inaweza kubanana na betri. Kabla ya kuipeleka betri nyuma, pima kama betri nyembamba zaidi au trei iliyosogezwa kidogo haitatosha. Mara nyingi inatosha.

Sababu ya tatu ni joto. Betri ya risasi na asidi haipendi kukaa jirani na injini. Kanuni inayotumiwa na watu wa betri ni kwamba kila nyuzi 10 za joto juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa takriban nusu. Na sababu ya nne, ambayo kwa nchi yetu ndiyo yenye uzito, ni betri ya pili. Pikapu au Land Cruiser inayokwenda porini na friji, redio na taa za kambi inahitaji akiba ya umeme isiyomaliza betri ya kuwashia, na akiba hiyo kwa kawaida inakaa nyuma. Kila kitu kinachosemwa katika sura hii kinaihusu betri hiyo ya pili sawasawa na ile iliyohamishwa.

Viwanda vyenyewe vimeifanya kazi hii. Mazda MX-5 ya mwaka 1989 ilitoka na betri kwenye buti. BMW za msururu wa 3 na wa 5 nyingi zina betri nyuma. Toyota Prius kizazi cha pili ina betri yake ya volti 12 kwenye kona ya nyuma. Usidanganywe na hiyo ya mwisho: betri ya Prius haizungushi starta, inaamsha kompyuta tu, ndiyo maana inaweza kuwa ndogo hivyo. Ukitaka kuiga, iga gari ambalo betri yake ya nyuma inafanya kazi kama yako.

Hesabu ya shaba

Fundi mwaminifu wa Katanga atakwambia mapema: "Patron, tunaweza kuitia mu kofre, lakini kable njo bei." Msikilize, maana anasema kweli, na sababu yake ni ya fizikia.

Starta ya injini ya petroli ya lita mbili huvuta kama ampea 200 wakati wa kuzungusha injini. Injini kubwa ya dizeli inaweza kuvuta ampea 400 na zaidi. Mkondo mkubwa hivyo ukipita kwenye kebo nyembamba, sehemu ya volti inapotea njiani na kugeuka joto. Shaba ina ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita moja ya waya wenye unene wa milimita mraba moja. Chukua namba hiyo, zidisha kwa urefu, gawa kwa unene, utapata ukinzani wa kebo yako. Zidisha kwa ampea, utapata volti zinazopotea.

Kebo ya mita tano yenye milimita mraba 16, ikibeba ampea 200, inapoteza volti 1.1. Ya milimita mraba 35 inapoteza nusu volti. Ya 50 inapoteza 0.34. Betri nzima ina volti 12.6 ikiwa imetulia, na wakati wa kuzungusha starta inashuka mpaka 10 au 11. Ukiipunguzia tena volti moja na zaidi njiani, starta inazunguka kwa kuchoka asubuhi za baridi za Juni na Julai, na kompyuta ya injini inaweza kujizima katikati ya kuwasha. Mwenye gari atanunua betri mpya, kisha starta mpya, na ugonjwa utabaki palepale, kwenye kebo.

Kwa gari dogo la petroli, basi, milimita mraba 35 ndiyo ya kuanzia. Dizeli kubwa inataka 50 au 70. Mita tano za kebo ya 35 zina shaba ya kilo moja na nusu hivi, na hapo ndipo bei inapotoka.

Kwa kuwa shaba ina bei, wapo wanaouza kitu kingine kwa jina lake. Kuna kebo za alumini zilizopakwa shaba juu, maarufu katika maboksi ya vifaa vya muziki wa gari. Unene ni uleule na rangi ni ileile, lakini ukinzani umezidi kwa zaidi ya nusu, na nyuzi zake hukatika na kulegea upesi kwenye kiungo. Njia ya kuitambua haihitaji maabara. Chukua uzi mmoja tu, ukwangue kwa kisu. Ukibaki mwekundu mpaka ndani, ni shaba. Ukitoa weupe ndani, ni alumini. Uzi mweupe nje na mwekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati, nayo ni bora zaidi, kwa sababu haishiki kutu upesi. Kisha ishike kebo mkononi: alumini ni nyepesi kuliko shaba kwa zaidi ya mara tatu, na mkono wa mtu wa Likasi hautadanganyika.

Kebo ya kuchomelea, ile ya mashine za welding, inafaa sana. Ina nyuzi nyingi nyembamba, inajipinda bila kuvunjika, na inapatikana kwa mafundi wanaouza vifaa vya kuchomelea. Udhaifu wake ni mpira wa nje, ambao baadhi yake huharibiwa na oili na petroli. Kwa hiyo ivalishe bomba la plastiki safari nzima. Usinunue kebo ya kuokotwa ambayo hujui imetoka wapi. Mbali na kuwa huenda imeibwa, hujui imepitia joto gani, wala ndani imekatika nyuzi ngapi.

Mwisho wa kebo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Pale panafungwa kichwa cha shaba chenye tundu la bolti, ambacho mafundi wengi hukigonga kwa nyundo juu ya chuma. Nyundo inakibana upande mmoja na kuacha hewa upande mwingine. Hewa ile inaingiza unyevu, unyevu unaleta kutu ya kijani, na baada ya misimu miwili ya mvua kiungo kinachemka. Tumia koleo la kubania la haidroli lenye taya za unene wa kebo yako. Toa mpira kwa urefu sawa na shimo la kichwa, usizidishe. Ingiza nyuzi zote, bana mara mbili, kisha shika kichwa kwa mkono mmoja na kebo kwa mwingine, uvute kwa nguvu zako zote. Kikichomoka, kilikuwa kichomoke siku ya mvua njiani. Malizia kwa bomba la mpira linalosinyaa kwa moto, lifunike kiungo na sehemu ya mpira wa kebo.

Fyuzi: sentimita 20 za kwanza

Kama utasoma kipande kimoja tu cha sura hii, soma hiki.

Betri ya gari yenye afya ina ukinzani mdogo sana ndani yake. Kebo ya chanya ikigusa bodi, hakuna kinachozuia umeme isipokuwa ukinzani huo na wa kebo yenyewe, na mkondo unaruka kupita ampea 1,000. Tuseme ni ile kebo nyembamba ya milimita mraba 16. Ina shaba isiyofika kilo moja, na humo ndani mnamwagika joto la zaidi ya kilowati sita. Joto la kebo linapanda kwa nyuzi zaidi ya 20 kila sekunde. Kabla hujahesabu hadi kumi, mpira wake umeanza kuyeyuka, na iko chini ya zulia, karibu na sponji ya kiti. Kwa kuwa betri iko nyuma na cheche inaweza kuwa mbele, kuzima gari kwa ufunguo hakusaidii kitu. Ufunguo hauna mamlaka juu ya kebo hiyo.

Dawa ni fyuzi moja kubwa iliyofungwa kwa bolti kwenye kebo ya chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana, isizidi sentimita 20 au 30. Fyuzi haimlindi aliye nyuma yake. Inalinda kila kilicho mbele yake. Ukiiweka mbele kwenye injini, umeacha mita tano nzima bila mlinzi, na hiyo ndiyo sehemu yenye hatari. Kipande kifupi kilichobaki kati ya betri na fyuzi kifungwe mahali ambapo hakuna chuma kinachoweza kukigusa, wala spana iliyodondoka, wala jeki.

Ukubwa wa fyuzi unachaguliwa kwa kutazama kebo. Inapaswa kukatika kabla kebo haijaungua, na istahimili starta. Kwa kebo ya 35 na injini ya petroli ya kawaida, fyuzi ya ampea 200 au 250 ya aina inayokatika polepole inafanya kazi vizuri. Starta inavuta sana lakini kwa sekunde chache. Kwa dizeli, pima kwanza mkondo wa starta kwa mita ya kubana, kisha chagua kebo na fyuzi kwa pamoja. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, tafuta sababu. Anayeweka waya au kipande cha bati mahali pa fyuzi amerudisha gari kule kule kwenye hatari.

Wapo wanaobisha kwamba kebo ya starta ilitoka kiwandani bila fyuzi. Ni kweli kwa magari mengi, kwa sababu kebo ile ni fupi na inakaa chini ya boneti. Viwanda vilivyoweka betri nyuma vilijua tofauti. BMW, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, imekuwa ikifunga kwenye chanya ya betri kichwa chenye baruti ndogo: gari likigonga kwa nguvu, kompyuta ya mifuko ya hewa inailipua, na kebo ya starta inatengwa na betri papo hapo. Mtengenezaji hagharimii kitu kama hicho kwa kupenda mapambo.

Njia ya kebo

Panga njia kabla ya kukata kebo. Njia nzuri ni ndani ya gari, kando ya kizingiti cha milango, chini ya zulia, upande usio na mabomba ya mafuta. Angalia waya wa rangi ya njano unaopita huko au chini ya kiti: kwa kawaida ni wa mifuko ya hewa, usiuguse wala kuufunga pamoja na kebo yako. Ukilazimika kupita chini ya gari, fahamu kwamba mawe na matope ya barabara zetu yatakuwa yanaipiga kebo kila siku. Ivalishe bomba gumu, ifunge kwa vibanio kila sentimita 30 hivi, iwe juu ya usawa wa chesisi, mbali na ekzosi na mbali na kila kitu kinachozunguka au kunesa.

Kila tundu la bati ambalo kebo inapita livalishwe mpira wake. Bati la gari halina haraka: linasugua kidogo kidogo kwa kila shimo la barabara, mpaka siku moja linaifikia shaba. Kabla ya kutoboa, ingia chini ya gari na tochi, uone kwa macho yako kuna nini upande wa pili. Kwenye magari mengi tangi la petroli limelala chini ya kiti cha nyuma au chini ya sakafu ya buti, na drili ikishatokeza upande wa pili, hakuna cha kurekebisha.

Mbele, kebo isiende moja kwa moja kwenye starta ikaacha waya nyingine zikining'inia. Iishie kwenye nguzo ya bolti iliyofunikwa kwa kifuniko cha mpira, mahali betri ilipokuwa. Hapo ndipo starta, altaneta na boksi la fyuzi vitachukulia umeme. Nguzo hiyo itakusaidia pia siku betri imelala na unahitaji kuazima umeme wa gari la jirani bila kushusha mizigo yote ya buti.

Upande wa hasi

Umeme unaokwenda lazima urudi. Wengi hununua kebo nene ya chanya, kisha hasi wanaifunga kwa skrubu kwenye bati jepesi la buti, juu ya rangi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kwenye sehemu nene ya bodi, penye muundo mzito au jirani na pale mkanda wa usalama ulipofungiwa; bolti ya mkanda wenyewe iache kama ilivyo. Tumia bolti ya milimita 8 au 10 yenye washa ya meno, kaza, kisha paka grisi juu kuzuia kutu. Kebo ya hasi iwe na unene sawa na ya chanya. Halafu rudi mbele na uongeze mkanda wa shaba kati ya injini na bodi, kwa sababu ule wa zamani ulifungwa kwenye hasi ya betri ambayo sasa haipo.

Kuifunga isiruke

Betri ya gari la kawaida ina uzito wa kilo 15 hadi 20. Kwenye ajali, mwili wa gari unaposimama ghafla, kila kitu kilicho ndani kinasukumwa kwa nguvu ya mara 20 ya uzito wake au zaidi. Betri ya kilo 18 inakuwa mzigo wa kilo 360 unaotaka kupita kwenye mgongo wa kiti cha mtoto. Kamba ya mpira na trei ya plastiki haviwezi kitu hapo.

Kipimo cha kufuata kipo, na kimetoka kwenye mashindano. Sheria za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka betri iliyohamishwa ikae kwenye kitako cha chuma, ibanwe kwa mikanda miwili ya chuma iliyovalishwa kihami, kwa bolti za angalau milimita 10, na chini ya bati kila bolti iwe na bamba la kuisaidia lenye unene wa milimita 3 na eneo la sentimita mraba 20. Magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kuvuka Kenya, Uganda na Tanganyika, yamepigwa na barabara zinazofanana na zetu kabisa. Kilichofaa huko kitafaa kati ya Likasi na Kolwezi. Bolti bila bamba chini yake inararua bati jepesi la buti na kuondoka na betri.

Iweke karibu na ekseli ya nyuma, mbele ya mwisho wa gari. Ukuta wa nyuma wa buti ndio wa kwanza kukunjwa lori likikugonga kwa nyuma.

Gesi, asidi na dumu la petroli

Betri inapochajiwa kupita kiasi, maji yake yanavunjika kuwa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni inalipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa, na inaendelea kulipuka mpaka 75. Chini ya boneti upepo unaiondoa. Kwenye buti lililofungwa inabaki pale, pamoja na cheche ya taa ya buti, ya amplifaya au ya nati iliyolegea. Altaneta yenye afya inatoa volti 13.8 hadi 14.4; regyuleta ikifa na volti zikapanda kufika 16, betri inachemka, na ikitoa harufu ya yai bovu ujue gesi ya sumu imeingia. Simamisha gari, fungua milango, watoe watu.

Kwa hiyo betri ya maji ya kawaida isikae wazi ndani ya gari. Chagua betri iliyofungwa, aina ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, yenye tundu la kuunganisha mpira wa hewa. Mpira huo utoke nje kupitia sakafu, mbali na ekzosi. Hata betri iliyofungwa ina vali, na ikizidiwa inapumua. Mpira ni wa lazima. Kama huwezi kuipata, tumia boksi lenye kifuniko na mpira wake wa kutolea hewa nje. Kwenye gari ambalo buti na abiria wanavuta hewa moja, kama Toyota Noah au IST, usikubali njia ya mkato yoyote.

Asidi ya betri ni salfuriki ileile ya Shituru, kwa kiasi cha asilimia 37 hivi betri ikiwa imejaa. Barabara ya kwenda Kolwezi inaifahamu: Februari 2019, ajali ya lori lililobeba asidi hiyo iliua karibu watu 20. Ndani ya buti ni lita chache tu, lakini zinatosha kuchoma ngozi, kula kebo na kutoboa bati. Weka betri ndani ya trei isiyoliwa na asidi, na uwe na maji na soda ya kuokea karibu unapofanya kazi.

Jambo moja zaidi ni letu wenyewe. Tunanunua petroli kwa chupa na madumu kutoka kwa wauzaji wa barabarani tunaowaita Kadhafi, na dumu la akiba linakaa kwenye buti. Siku betri inapohamia huko, dumu litoke. Mvuke wa petroli na kiungo cha umeme havikai chumba kimoja.

Swichi ya kukata umeme

Gari la mashindano lina swichi inayokata umeme wote na kuzima injini, na mahali pake panaonyeshwa kwa alama ya pembetatu ya buluu yenye mwale mwekundu, ili mtu yeyote anayekimbilia ajali aione. Kwa gari la kawaida si lazima, lakini kwa betri iliyo nyuma ina faida kubwa. Ukiifunga, kumbuka kosa moja linalojirudia: swichi inayokata betri peke yake haizimi injini inayozunguka, kwa sababu altaneta inaendelea kuilisha. Swichi lazima ikate pia umeme wa injini. Chagua ile yenye miguso miwili iliyotengana, kubwa kwa betri na ndogo kwa mfumo wa injini. Na unapofanya kazi yoyote, hasi ndiyo ya kwanza kutolewa na ya mwisho kurudishwa, maana spana ikigusa bodi wakati hasi haipo, hakuna kinachotokea.

Kabla ya kulipa

Usiondoke gereji kwa sababu gari limewaka. Mwombe fundi alete mita. Weka uzi mmoja kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye bolti kubwa ya starta, mtu azungushe starta huku petroli imezuiwa. Mita isome nusu volti au chini yake. Rudia kutoka hasi ya betri hadi kwenye mwili wa injini. Isizidi volti 0.3. Namba kubwa kuliko hizo inamaanisha kebo nyembamba, kichwa kibaya au hasi iliyofungwa juu ya rangi. Injini ikinguruma, pima betri yenyewe: iwe kati ya 13.8 na 14.4.

Kisha shika betri kwa mikono miwili na uitikise kwa nguvu. Gari litikisike pamoja nayo. Fuata kebo kwa mkono kutoka nyuma mpaka mbele na utafute mpira katika kila tundu. Rudi baada ya wiki moja ya barabara zetu, kaza kila bolti upya, na uguse viungo baada ya kuwasha gari mara kadhaa. Kiungo chenye joto ni kiungo kibaya.

Betri ya zamani usiitupe wala kumwaga asidi yake uani. Mombasa, kwenye mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyeongoza kupigania haki yao, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Irudishe ikiwa nzima kwa muuza betri.

Hukumu yangu ni hii: kama injini yako, usukani wako au safari zako za porini hazikulazimishi, iache betri mbele ilikowekwa na waliolitengeneza gari. Kama zinakulazimisha, lipa shaba ya kweli, bolti za kweli na mpira wa hewa. Na gari ambalo halina fyuzi karibu na betri lisitoke gereji, hata kama mwenyewe ana haraka na amesimama mlangoni na fedha mkononi.